Majina ya Marehemu Wetu: Barua ya Wazi kwa Wakuu wa Nchi za Afrika Mashariki

Kwa Waheshimiwa Wakuu wa Nchi Wanachama,
Jumuiya ya Afrika Mashariki,
Arusha.

YAH: DAFTARI LA RAIA WANAOUAWA NA MAJESHI YETU

Waheshimiwa,

Tarehe 9 Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliyoko The Hague iliiamuru Uganda iilipe Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo dola za Marekani milioni 325. Katika fedha hizo, milioni 225 zilikuwa fidia ya watu: waliouawa, waliojeruhiwa, wanawake waliobakwa, watoto waliotiwa jeshini, familia zilizokimbia makwao. Milioni 40 zilikuwa za mali iliyoharibiwa, na milioni 60 za dhahabu na maliasili nyingine zilizobebwa. Wiki saba baadaye, Machi 29, mlikutana kwa njia ya mtandao mkaipokea Kongo katika Jumuiya. Mdai na mdaiwa wakawa watu wa nyumba moja. Sisi wananchi tuliokuwa tukifuatilia tulisikia mengi siku ile kuhusu ukubwa wa soko na njia ya biashara kutoka Bahari ya Hindi hadi Atlantiki. Habari ya deni haikutufikia.

Nawaandikia kuhusu deni hilo, na kuhusu mengine ya namna yake ambayo hayajafika mahakama yoyote. Mimi si mwanasheria wala sijawahi kuvaa magwanda. Naishi Kigoma, ambako habari za vita vya ng'ambo ya ziwa haziletwi na redio, zinashuka kwenye maboti. Kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu ipo tangu 1996, na waliozaliwa humo sasa wana watoto wao. Jirani zetu wengi ni watu wa Uvira, Baraka na Fizi, huko Kongo. Ukimuuliza mmoja wao nani aliyemuua baba yake, kwanza atakuuliza ni vita vya mwaka gani unavyovizungumzia.

Kwa kuwa barua hii ni ya wazi na vijana wataisoma, nianze na Kisangani.

Agosti 1998 majeshi ya Rwanda na Uganda yaliingia Kongo bega kwa bega kumng'oa Laurent-Désiré Kabila, mtu yuleyule waliyemsaidia kushika madaraka mwaka mmoja kabla. Kundi la waasi walilolibeba, RCD, lilitafutiwa uso wa heshima. Mwenyekiti wake wa kwanza alikuwa Profesa Ernest Wamba dia Wamba, mwalimu wa historia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambaye wengi wa wasomi wetu walikaa mbele ya ubao wake. Haukupita mwaka waasi wakagawanyika, kila jeshi likashika kipande chake, na vipande vyote viwili vikautaka mji mmoja: Kisangani, kwenye kona ya Mto Kongo, wenye viwanja viwili vya ndege na biashara ya almasi iliyokuwa ikichangamka hata katikati ya vita. Wanajeshi wa Rwanda na Uganda walipigana hapo Agosti 1999. Wakapigana tena Mei 2000. Kisha kuanzia Juni 5 hadi Juni 10 mwaka huo walipigana siku sita mfululizo, makombora zaidi ya 6,600 yakaangukia mji.

Naomba tusimame hapo kidogo, Waheshimiwa, kwa sababu jambo hili tumelizoea kabla ya kulielewa. Lile lilikuwa jeshi la nchi ya pili likipigana na jeshi la nchi ya tatu ndani ya mji wa nchi ya kwanza. Hakuna aliyekuwa akiutetea mji. Mkazi wa Tshopo au Makiso hakuwa na upande wa kuombea ushindi; hakuwa raia wa nchi yoyote kati ya zile mbili zilizokuwa zikirushiana mizinga juu ya bati lake. Kazi yake ilikuwa kulala sakafuni na watoto, akisubiri wageni wamalize ugomvi wao. Na ugomvi wenyewe haukumhusu hata kwa mbali. Ulikuwa ni nani kati ya maswahiba wawili wa jana atashika mji ambao si wa yeyote kati yao.

Wangapi walikufa? Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya 2010, ile iliyoorodhesha matukio 617 ya ukatili mkubwa nchini Kongo kati ya 1993 na 2003, inasema raia waliouawa katika siku zile sita ni kati ya 244 na 760. Tofauti ya namba hizo mbili ni watu 516. Yaani katika mji mkubwa, wenye kanisa kuu, misikiti, chuo kikuu na waangalizi wa Umoja wa Mataifa waliokuwa humohumo mabomu yakianguka, kuna watu 516 ambao dunia haijui kama walikufa au hawakufa. Mama zao wanajua. Hakuna aliyekwenda na kalamu kuwauliza nyumba kwa nyumba wakati makaburi yakiwa bado na udongo mbichi.

Juni 16, siku sita baada ya mizinga kunyamaza, Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 1304 na kusema waziwazi kwamba serikali za Uganda na Rwanda zinapaswa kulipa fidia ya maisha na mali za watu wa Kisangani. Chini ya mwezi mmoja baada ya mapigano yale, Julai 7, 2000, Mkataba wa kuanzisha Jumuiya yetu ulianza kutumika, Uganda ikiwa mmoja wa waasisi watatu. Rwanda ilijiunga 2007. Sijui kama kuna aliyewahi kuzipanga tarehe hizo pamoja kwenye ukurasa mmoja. Mimi nilipozipanga nilijiuliza ni ujirani mwema wa namna gani ule tulioandika katika Mkataba, wakati azimio lile halijapoa na hakuna aliyeligusa.

Kongo ilikwenda mahakamani. Dhidi ya Uganda ilishinda Desemba 2005, na Mahakama ikakataa hoja kwamba Uganda ilikuwa ikijihami. Ikachukua miaka mingine 16 kufika kwenye kiasi cha fidia. Dhidi ya Rwanda kesi ilitupwa Februari 2006, na naomba hili lisomwe polepole: haikutupwa kwa sababu Rwanda ilionekana haina hatia. Mahakama haikufika huko. Rwanda haikuwa imekubali mamlaka ya Mahakama ile, basi. Majaji wenyewe walikumbusha kwamba nchi kutokubali mahakama hakuiondolei wajibu wa matendo yake. Kwa hiyo kwa makombora ya wiki moja, katika mitaa ileile, jeshi moja lina hukumu na jingine halina. Na mjane wa Kisangani atajuaje kombora lililotoboa paa lake lilirushwa kutoka upande gani wa Mto Tshopo?

Katika kesi ya Uganda, Mahakama iliteua wataalamu wake wa kukadiria vifo. Mmoja alihesabu pia waliokufa kwa njaa na maradhi ambao wasingekufa kama si vita, akafika karibu milioni 5. Mwingine alihesabu raia waliouawa moja kwa moja kama walivyoripotiwa, akapata chini ya 15,000. Majaji hawakuifuata ile namba kubwa. Walisema ushahidi unaelekeza kwenye vifo kati ya 10,000 na 15,000 ambavyo Uganda inawajibika navyo. Siwalaumu, jaji anahukumu kwa kilicho mezani. Lakini tazameni pengo hilo. Kati ya elfu kumi na tano na milioni tano wamo karibu watu wote waliokufa katika vita vile: mtoto aliyeharisha porini akikimbia na mama yake, mzee wa kisukari aliyeishiwa dawa kwa sababu barabara imefungwa, mjamzito aliyefia kwenye mtumbwi. Hawa hawana risasi mwilini, kwa hiyo hawana mdaiwa.

Fanyeni hesabu nyingine. Tuseme milioni 225 zote zingekwenda kwa marehemu peke yao, waliobakwa na waliojeruhiwa wasipate hata senti. Kila marehemu angepata kati ya dola 15,000 na 22,500. Najua kuna watakaochukizwa na hesabu ya namna hii, kwamba roho ya mtu haina bei. Haina. Waislamu wenye diya katika sheria yao wanalijua hilo, na wazee wa makabila yetu mengi waliotoza ng'ombe kwa aliyeua walilijua vilevile. Ng'ombe wale hawakuwa bei ya marehemu. Walikuwa njia ya kumlazimisha muuaji atoke nyumbani kwake mchana, watu wakimwona, apite njia nzima hadi kwa wafiwa na kusema: ni sisi. Hicho ndicho kilichokosekana katika vita vyetu vyote, na ndicho ninachokiita gharama. Asiyelazimika kupita njia ile atarudia tu.

Nitoe mfano mmoja wa mtaani. Dereva wa daladala akimgonga mtu hapa mtaani kwetu Mwanga, polisi wa usalama barabarani watafika kupima barabara, majeruhi atapewa fomu ya polisi ya PF3, marehemu ataandikwa majina yake matatu, bima ya gari itatafutwa, na mwenye gari, hata awe mkorofi namna gani, atatuma mtu msibani na ubani. Gari lisilo na bima haliruhusiwi hata kuingia barabarani. Majeshi ya nchi zetu yanavuka mipaka yakiwa na mizinga, vifaru na droni, na hayadaiwi hata kile anachodaiwa dereva wa Mwanga.

Uganda, kwa haki yake, ilianza kulipa. Iliiita hukumu si ya haki, lakini fungu la kwanza la dola milioni 65 lilitoka Septemba 2022, jambo ambalo si nchi nyingi zingelifanya. Na hapa nageuka kwako, Mheshimiwa Rais wa Kongo, kwa sababu hapa hatuwezi kumlaumu mgeni. Serikali yako ilianzisha mfuko maalumu wa kugawa fidia ile, makao yake Kisangani kwenyewe. Septemba 2025 mahakama ya juu mjini Kinshasa ilimtia hatiani aliyekuwa Waziri wako wa Sheria, Constant Mutamba, kwa ubadhirifu wa takriban dola milioni 19 zilizohusishwa na mfuko huo, na kumhukumu kazi ngumu miaka mitatu. Yeye alikana. Mradi uliotajwa kuwa sababu ya fedha hizo kuhamishwa ulikuwa ujenzi wa gereza Kisangani. Watu waliosubiri zaidi ya miaka 20 walipwe kwa ajili ya marehemu wao walikuwa wajengewe jela! Nashukuru kwamba kesi ilifika mwisho. Lakini mkiona wafiwa wa Kisangani hawashangilii kila mnaposaini mkataba mpya, sababu mnayo.

Na Agosti 30, 2023, mjini Goma, walioua raia zaidi ya 50 waliokuwa wakijiandaa kuandamana walikuwa askari wa Kongo, wala si waasi au jeshi la kigeni. Kamanda alifikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi na kuhukumiwa. Nalitaja kwa sababu wapo wanaodhani kwamba kuandika vifo vya raia ni silaha ya Kinshasa dhidi ya Kigali. Daftari la kweli litamwandika kila mmoja, na Kinshasa itakuwa na kurasa zake.

Goma nyingine mnaijua. Mwishoni mwa Januari 2025 waasi wa M23 waliuteka mji, na katikati ya Februari wakaingia Bukavu. Februari 21 Baraza la Usalama, katika azimio namba 2773, liliitaka Rwanda iache kuwasaidia na iondoe wanajeshi wake. Siku chache baadaye Waziri Mkuu wa Kongo, Judith Suminwa, aliliambia Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa mjini Geneva kwamba waliokufa mashariki tangu Januari wamepita 7,000, na kwamba miili zaidi ya 2,500 ilikuwa imezikwa bila kutambuliwa. Unaweza kubishana na namba ya kwanza, maana ni ya upande mmoja wa vita. Ya pili inatisha zaidi, na sijui ni nani angekuwa na faida ya kuitunga. Watu waliozikwa haraka kwa hofu ya magonjwa hawakuwa wamekufa porini. Walikuwa na majirani, na simu zikiwa mifukoni.

Katika siku zilezile waliuawa pia wanajeshi wa kulinda amani. Afrika Kusini ilipoteza 14, na Malawi na Tanzania zilipoteza wa kwao. Walirudi kwao na majina yao, vyeo vyao na bendera zao, wakapokewa kwa gwaride. Sisi Watanzania tulishawahi kuwalilia wanajeshi wetu wasiopungua 14 waliouawa Semuliki Desemba 2017, na tulijua kila mmoja ametoka kijiji gani. Sisemi heshima hiyo ipunguzwe. Nasema tu kwamba tunajua namna ya kuwahesabu watu tukitaka.

Februari 8, 2025, mlikutana Dar es Salaam pamoja na wenzenu wa SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika. Mliagiza mapigano yasimame, uwanja wa ndege wa Goma ufunguliwe, miili irejeshwe kwao na majeruhi waondolewe. Agizo la kuandika majina ya raia sikuliona. Miezi ikapita, mazungumzo ya amani yakahamia Doha na Washington. Juni 27 mawaziri wa Kongo na Rwanda wakatia saini mkataba wa amani Marekani. Kati ya Julai 9 na 21 raia wasiopungua 319 wakauawa na M23 Rutshuru, kwa hesabu ya Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa. Desemba 4 Marais wenyewe wakasaini, na kabla wiki haijaisha watu wa Uvira walikuwa wakikimbia mapigano, wakivuka kwenda Burundi na magodoro kichwani. Wanaosuluhisha kwa niaba yetu wana hamu yao na madini, na hawajaificha. Kwa nini wahesabu marehemu wetu, ikiwa sisi wenyewe hatujawahesabu?

Nisije nikaonekana namwandama mmoja. Mheshimiwa Rais wa Rwanda, mauaji ya kimbari ya 1994 yalitokea, wauaji wake walikimbilia Kongo wakiwa na silaha, na mabaki yao, FDLR, wapo hadi leo. Hofu yenu si ya kubuni. Mheshimiwa Rais wa Uganda, mabomu ya Novemba 2021 yalilipuka katikati ya Kampala, na waasi wa ADF wanachinja watu Beni na Ituri hadi makanisani. Mtu anayeziita sababu hizo visingizio vitupu hajakaa na wafiwa wa huko. Ila sababu ya kuvuka mpaka na hesabu ya aliyekufa baada ya kuvuka ni mambo mawili. Hata vita vya haki kabisa vinaweza kuua mtoto asiye na kosa, na haki ya vita haimlipi mama yake. Anayeamini kwa dhati kwamba jeshi lake linapigana kwa haki ndiye alipaswa kuwa wa kwanza kulifungua daftari, maana hana cha kuficha.

Nasi Watanzania tusijifanye watazamaji. Mwaka 2013 wanajeshi wetu, pamoja na wa Afrika Kusini na Malawi, waliisaidia Kongo kuwafukuza M23 kwenye vilima vya Kibati kwa mizinga na helikopta. Tulishangilia, na tulikuwa na sababu. Hakuna aliyeuliza mizinga ile iliangukia mashamba ya nani. Rudini nyuma zaidi, 1979. Idi Amin wa Uganda alikuwa ameingia Kagera akaua na kupora, na jibu letu lilifika hadi Kampala. Njiani mji wa Masaka ulibomolewa kwa mizinga, na wengi walielewa kwamba ilikuwa kulipiza kisasi cha Kagera. Katika vitabu vya shule nilivyosoma mimi vita vile vina majina ya makamanda na ya mito. Raia waliouawa Kagera hawana hata ukurasa, na wale wa Masaka hawana hata mstari.

Kuhusu Somalia nitasema kwa ufupi, ingawa nayo sasa ni mwanachama. Oktoba 30, 2011, siku chache baada ya jeshi la Kenya kuvuka mpaka, ndege zilipiga Jilib. Madaktari Wasio na Mipaka waliripoti watu watano wamekufa na 45 kujeruhiwa katika kambi ya waliokimbia njaa. Kenya ilisema ililenga Al-Shabaab. Agosti 2021 wanajeshi wa Uganda waliwaua raia saba Golweyn, na Uganda ikafanya jambo lililonifanya nivue kofia: iliketisha mahakama ya kijeshi hukohuko Somalia, ikawatia hatiani. Kikosi cha Umoja wa Afrika nchini humo kilikuwa pia na kitengo cha kufuatilia na kuchambua madhara kwa raia. Kilikosa nguvu, na fedha za fidia ziliachiwa nchi zenye wanajeshi, zitoe zikipenda. Lakini kilikuwepo. Kwa hiyo yeyote atakayewaambia kwamba haiwezekani kuandika vifo vya raia katikati ya vita vya Afrika, mwambieni tulishaanza.

Waheshimiwa, tatizo liko Arusha, kwenye meza yenu. Mkataba wa Jumuiya unataja haki za binadamu miongoni mwa misingi yake. Katika kifungu cha 27 unasema Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki itapewa mamlaka ya haki za binadamu kwa itifaki itakayokuja baadaye. Baadaye hiyo imepita robo karne. Kifungu cha 30 kinamruhusu mwananchi wa kawaida kuishitaki nchi mwanachama, jambo la kujivunia, lakini kinampa miezi miwili tu tangu tendo litokee au alijue. Chukueni mama wa Kishishe, Kivu Kaskazini. Mwishoni mwa Novemba 2022 M23 waliua watu huko na vijiji vya jirani. Umoja wa Mataifa ulithibitisha wasiopungua 171. Kikosi cha Jumuiya yenyewe kilikuwa kimeanza kuwasili mkoani mwezi huohuo. Kufikia mwisho wa Januari 2023 mama huyo yuko chini ya turubai nje ya Goma, anatafuta unga. Muda wake wa kufungua kesi Arusha umekwisha. Hakuna aliyemwambia kwamba umeanza.

Hapohapo Arusha, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliamua Juni 2025 kwamba ina mamlaka ya kusikiliza kesi ya Kongo dhidi ya Rwanda. Ni hatua kubwa, na tutaifuatilia. Bado ni kesi ya serikali dhidi ya serikali, na Kisangani imetufundisha fedha za kesi kama hizo zinaweza kuishia wapi.

Ninachoomba hakina gharama ya kutisha. Kwanza daftari. Sekretarieti iagizwe kufungua orodha ya raia waliouawa katika nchi wanachama na majeshi yaliyovuka mpaka au makundi yanayosaidiwa kutoka ng'ambo ya mpaka, pamoja na majeshi ya wenye nchi, ikianzia Kisangani kwa sababu huko mahakama imekwisha kufanya nusu ya kazi na mashahidi bado wako hai. Maparokia yana vitabu vya mazishi, maimamu wanawakumbuka waliowaswalia, Msalaba Mwekundu una kumbukumbu zake, wenyeviti wa mitaa wanajua kila nyumba. Jina, mahali, tarehe, na ni majeshi gani yalikuwepo. Asiyejulikana jina aandikwe alivyovaa na alipozikwa. Aliyekufa kwa njaa ya kukimbia naye aandikwe, kwenye safu yake.

Daftari likiwepo, itifaki ya Mahakama haitakuwa na kisingizio cha kuendelea kulala, na miezi miwili ile ifutwe kwa kesi za vifo vya vitani. Halafu jeshi lolote la nchi mwanachama linalotaka kuvuka mpaka, kwa mwaliko au bila mwaliko, liweke kwanza amana Arusha, fedha taslimu, za kuwalipa raia litakaowadhuru. Likirudi bila kumdhuru mtu, lirudishiwe fedha zake zote na shukrani juu. Nimelitaja wazo hili kwa watu kadhaa, wakacheka. Wakasema hakuna jeshi litakalokubali. Nikawauliza mwenye daladala alikubali lini. Alilazimishwa, na nyinyi ndio mliomlazimisha.

Na kwako tena, Mheshimiwa Rais wa Rwanda, ombi lisilohitaji itifaki. Hakuna mahakama iliyokuhukumu kwa siku sita za Kisangani, na huenda haitatokea. Lipa hata hivyo, kwa hiari, kwa kiasi utakachoona kinafaa, na uzipeleke fedha kwa wafiwa wenyewe badala ya Kinshasa. Sidhani kama kuna tamko la kijeshi lingewafanya watu wa Kongo wakusikilize unaposema kuhusu FDLR kama hilo lingefanya.

Mwisho, naomba nijibiwe kwa maandishi. Nikikataliwa, nchi inayokataa iseme hivyo kwa barua yenye sahihi, tarehe na sababu. Uamuzi wa namna hiyo, kwa kifungu cha 30, mwananchi anaweza kuupeleka mahakamani ndani ya miezi miwili.

Wenu katika ujenzi wa Jumuiya,

Mwananchi,
Kigoma.